Kila Pingili Mahali Pake: Shingo, Pumzi na Simu Zetu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamsimamisha wima, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Mada ya wiki hii sikuitoa kitabuni. Nilipewa na mzee mmoja wa msikitini kwetu, hapa Tanga, baada ya swala ya Alasiri. Mzee huyo huswali safu ya kwanza, upande wangu wa kushoto, na si mwepesi wa kusema. Siku hiyo, tulipomaliza nyiradi, alinigeukia akaniambia kwa sauti ya chini: "Katibu, mwezi mzima huu salamu yako ya kulia unaitoa vizuri, lakini ya kushoto hainifikii. Una neno na mimi?"

Niliona haya. Sikuwa na neno naye hata kidogo. Shingo yangu ndiyo iliyokuwa haigeuki. Kila nilipotoa salamu ya pili, maumivu yalinichoma kuanzia kikosini hadi kwenye kombe la bega, nami nikawa nageuza macho badala ya uso, nikidhani hakuna anayeona.

Sababu yake naijua. Wakati ule msikiti wetu ulikuwa ukichangisha fedha za kuezeka upya. Katibu ndiye anayepokea ujumbe wa kila mchango, anayeandika majina, anayejibu maswali katika kundi la WhatsApp la waumini, la wazazi wa madrasa na la mazishi. Kazi ambayo waliotutangulia waliifanya kwa daftari na kwa kutembea nyumba hadi nyumba, mimi niliifanya kwa kidole gumba. Kwa miezi kadhaa nilijikunja juu ya simu saa nne au tano kila siku, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za usiku, kitandani. Kwanza kikaja kichwa kuuma kila ifikapo Alasiri. Kisha bega. Kisha ganzi katika vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nikanunua vidonge vya maumivu dukani, nikabadili mto, nikapakwa mafuta. Mkao wenyewe sikuubadili.

Baada ya swali la mzee wangu yule nilianza kuwatazama watu wengine. Vijana barazani, akina mama wanaonyonyesha, abiria ndani ya daladala, watoto wa madrasa wanaomsubiri ustadhi: vichwa vimeanguka mbele, mabega yamekunjwa, migongo imepinda. Nikaona kwamba tatizo hili limo katika karibu kila nyumba yetu, na kwamba ni wajibu wangu kuyaandika yale niliyofundishwa, ili asiyeumia ajikinge na anayeumia asichelewe kama nilivyochelewa mimi.

Picha moja ya ubavuni

Hospitalini daktari alinipima kwanza nguvu za mikono, hisia za vidole na jinsi ninavyotembea, ili ajiridhishe kuwa hakuna mshipa wa fahamu uliobanwa kwa kiwango cha hatari. Alipojiridhisha alinipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Huyu hakuniuliza ninaumwa wapi. Aliniambia: "Ustadhi, kaa kama unavyokaa ukiwa nyumbani, ufungue simu yako, ujibu ujumbe mmoja." Nikafanya hivyo. Naye akanipiga picha ya ubavuni kwa simu yangu mwenyewe, kisha akanionyesha.

Mtu anayekaa vizuri, sikio lake huwa takriban juu ya bega lake. Langu lilikuwa mbele ya bega kwa zaidi ya upana wa kiganja. Mgongo wa juu ulikuwa umefura kama wa mtu aliyebeba gunia. Nina umri wa miaka thelathini na kitu, lakini aliyekuwa katika picha ile alionekana mzee kuliko baba yangu.

Kisha akaniambia niweke mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, nipumue kama kawaida. Mkono wa kifuani ukapanda na kushuka. Wa tumboni haukutikisika. "Unaona?" akasema. "Unapumua kwa shingo." Maneno hayo niliyaona ya ajabu wakati ule, na mambo mawili aliyonieleza baadaye, la uzito wa kichwa na la pumzi, ndiyo kiini cha makala hii.

Uzito wa kichwa

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5 na nusu hivi. Kinabebwa na pingili saba za shingo, na kikikaa sawasawa juu yake, misuli ya nyuma hufanya kazi ndogo tu. Kikitoka mbele, hesabu hubadilika. Mfano wake ni ndoo ya maji. Dada zetu hubeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka bombani, na huwa hawachoki haraka, kwa kuwa uzito umesimama juu ya uti wa mgongo ulionyooka. Lakini mwambie mtu mwenye nguvu ainyooshe mikono mbele yake akiwa ameshika robo tu ya maji hayo: dakika mbili hazitapita ila mikono itatetemeka. Maji yamepungua, ila yamekuwa mbali na mwili.

Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alichapisha makadirio ya mzigo huo. Kwa hesabu yake, kichwa kikiinama kwa nyuzi 15, mzigo unaobebwa na shingo hufika kilo 12 hivi. Kwa nyuzi 30, kilo 18. Kwa nyuzi 45, kilo 22. Na kwa nyuzi 60, ambao ndio mwinamo wa mtu aliyeiweka simu mapajani, hufika kilo 27. Hiyo ni sawa na kumbeba shingoni mtoto wa miaka minane.

Insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Makadirio hayo yalitokana na kielelezo cha kompyuta, hayakupimwa katika shingo za watu walio hai. Wataalamu nao hawajaafikiana kwamba kuinama peke yake ndiko kunakoleta maumivu. Wako wanaoinama sana wasiumwe, na wako wanaokaa wima wakaumwa. Usingizi mchache, wasiwasi, na mwili usiozoea kazi vina sehemu yao. Jambo ambalo mtaalamu wangu alilisisitiza ni lile la kukaa katika hali moja muda mrefu bila kubadilika. Shingo imeumbwa iiname, na iinuke pia. Simu hutuinamisha, kisha hutusahaulisha kuinuka.

Ndiyo maana mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na simu yake huishika mara chache, ana maumivu yale yale niliyo nayo mimi. Mwanafunzi anayekesha juu ya kitabu anayo pia. Basi tusiilaumu simu kana kwamba ni shetani. Kwa simu hiyo tulikusanya fedha za paa, na kwa simu hiyo tunapata habari za misiba na kuunga udugu na jamaa walio mbali.

Pumzi nayo imo

Chini ya mapafu, kati ya kifua na tumbo, Mwenyezi Mungu ameweka msuli mpana ulio mfano wa kuba. Vitabu vya biolojia huuita kiwambo. Unapovuta pumzi, kuba hilo hushuka, mapafu yakapata nafasi, na tumbo likatoka mbele kidogo. Unapotoa pumzi, kuba hupanda. Hiyo ndiyo pumzi ya mtoto mchanga: mtazame amelala, utaona tumbo lake likipanda na kushuka, na mabega yametulia.

Mtu anapokaa amejikunja, mbavu husogelea nyonga na matumbo hubanwa. Kiwambo hukosa pa kushukia. Mwili hauwezi kungoja, kwa hiyo huita wasaidizi: misuli ya ubavuni na ya mbele ya shingo, ambayo kazi yake ni kuinua mbavu za juu hasa pale mtu anapokimbia au anapohema kwa ugonjwa. Sasa hesabu mwenyewe. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tuchukue 15. Kwa saa moja ni pumzi 900, na kwa siku nzima ni pumzi 21,600. Misuli ya shingo ambayo tayari imechoka kwa kuzuia kichwa kisianguke, inatwishwa na kazi ya kuinua kifua maelfu ya mara. Ndipo nikafahamu maana ya "unapumua kwa shingo".

Kuna jambo jingine katika umbile letu linalostahili kutafakariwa. Mshipa wa fahamu unaokiamuru kiwambo kishuke na kupanda hautoki karibu nacho. Unatoka shingoni, penye pingili ya 3, ya 4 na ya 5, ukateremka kupita kifuani hadi kukifikia. Shingo na pumzi vimefungamana tangu kuumbwa.

Wataalamu wetu wa zamani hawakughafilika na uhusiano wa harakati na pumzi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha tiba kiitwacho Al-Qanun, aliyaeleza mazoezi kuwa ni harakati anayoifanya mtu kwa hiari yake, ambayo humlazimu kupumua kwa kina na kwa mfululizo. Yaani kwake yeye, harakati isiyogusa pumzi haikuhesabiwa kuwa ni mazoezi kamili.

Mimi mwenyewe nilikwishafundishwa jambo hili chuoni, nikalisahau. Ustadhi wetu wa tajwidi alikuwa akituamuru tuvute pumzi kutoka tumboni kabla ya kuanza aya ndefu, akituonya kwamba anayevuta pumzi kwa mabega atakatika pasipostahili kusimama na ataharibu maana. Nililichukulia kuwa ni adabu ya kisomo. Kumbe lilikuwa na tiba ndani yake.

Mfano wa Mtume katika mkao

Siku nilipotoka hospitalini nilirudia vitabu vyangu. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa katika rukuu hakukiinua kichwa chake wala hakukiangusha, bali alikiweka baina ya hali mbili hizo. Na sahaba Abu Humaid As-Saidi (r.a.), katika Sahihi Bukhari, alipoeleza namna Mtume alivyoswali, alitaja kwamba alipoinuka kutoka katika rukuu alisimama sawasawa hata mifupa ya uti wa mgongo ikarejea kila mmoja mahali pake.

Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi maishani. Sikuwahi kuisoma nikiwa na maumivu ya pingili. Nikajiuliza: rukuu yangu ya siku hizi ikoje, na itidali yangu? Nilipojitazama kiooni nikaona kuwa hata ninaposimama kumkabili Mola wangu, kichwa kimebaki pale pale simu ilipokiacha.

Hapa pana tahadhari. Wapo wanaosema kwamba swala ni mazoezi ya mwili. Swala ni ibada, na nguzo yake ni nia na unyenyekevu. Anayeinama kwa ajili ya mgongo wake hajaswali. Sheria imemwekea wepesi asiyeweza: Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Imran bin Husain (r.a.), aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Ninachosema mimi ni kwamba swala tano huikata siku yetu vipande, na kila kipande kina mlango wa kuingilia. Mtu aliyekwisha iweka simu chini ili aswali, hapungukiwi na kitu akibaki dakika tano zaidi kabla ya kuishika tena.

Mazoezi yenyewe

Haya ndiyo niliyofundishwa. Hayahitaji chombo wala ada ya ukumbi, na mwanamke anaweza kuyafanya chumbani kwake kwa stara kamili. Lisiwepo zoezi la kulazimisha. Mvuto wa msuli unaruhusiwa. Maumivu makali, ganzi au kizunguzungu ni amri ya kuacha.

La kwanza ni pumzi ya kulala. Lala chali juu ya mkeka, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa chini. Mkono mmoja kifuani, mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, ukiuacha mkono wa tumboni upande na wa kifuani utulie. Toa pumzi polepole ukihesabu hadi sita. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, utapata pumzi sita kwa dakika. Fanya kwa dakika tano. Likishakuwa jepesi, lifanye ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama, mikono ikiwa kwenye mbavu za chini ili uzisikie zikipanuka kwa pembeni. Usivute pumzi kwa pupa. Ukihisi kichwa chepesi, rudi katika pumzi yako ya kawaida.

La pili ni kurudisha kidevu. Kaa wima, macho yatazame mbele. Bila kuinamisha wala kuinua uso, rudisha kidevu nyuma moja kwa moja, kama mtu anayekwepa kijiko asichokitaka. Utahisi kikosi kinarefuka. Zuia kwa sekunde tano, legeza. Mara kumi.

La tatu ni kubana makombe ya mabega. Mikono ikiwa imening'inia ubavuni, sogeza makombe ya mabega yakaribiane na kuteremka, wala usiinue mabega kuelekea masikioni. Zuia kwa sekunde tano. Mara kumi.

La nne hufanyika mlangoni. Simama penye mlango, weka mikono yako kwenye miimo miwili, viwiko vikiwa usawa wa mabega. Tanguliza mguu mmoja, sogeza kifua mbele taratibu mpaka usikie mvuto mbele ya mabega. Kaa hapo sekunde 20 hadi 30 huku ukipumua kwa tumbo. Rudia mara mbili au tatu. Zoezi hili hufungua kifua kilichokunjwa.

La tano ni la ukutani. Egemeza mgongo, mabega na kisogo ukutani, visigino vikiwa hatua ndogo kutoka ukutani. Inua mikono kama mtu anayesalimu amri, kisha ipandishe na kuishusha ikiteleza ukutani kadiri inavyokubali. Mara nane hadi kumi. Kama kisogo hakifiki ukutani, weka kitambaa kilichokunjwa nyuma yake. Mimi nilianza kwa taulo zima, na sasa sihitaji.

La sita ni la ubavuni mwa shingo. Ukiwa umekaa, laza sikio la kulia kuelekea bega la kulia, bega la kushoto likibaki chini. Sekunde 20 hadi 30, kisha upande wa pili. Usivute kichwa kwa nguvu ya mkono.

Kwa maumivu ya shingo ya muda mrefu, mazoezi ya kuimarisha shingo na mabega ni miongoni mwa tiba zinazoungwa mkono zaidi na utafiti, ila hayana haraka. Niliambiwa nisihukumu kabla ya wiki sita. Mimi nilipata nafuu ya kichwa katika wiki ya pili, ganzi ikaondoka katika wiki ya tano, na shingo ikaanza kugeuka vizuri karibu na wiki ya nane. Sitawadanganya wasomaji: mwezi wa kuandaa taarifa ya fedha za msikiti niliyaacha mazoezi siku kumi, na maumivu yakabisha hodi tena.

Ratiba ya nyumba moja

Sisi nyumbani tumeyagawa hivi. Baada ya Alfajiri, pumzi ya kulala dakika tano. Baada ya Adhuhuri, kila mtu alipo, kidevu na makombe ya mabega. Baada ya Alasiri, mlango na ukuta. Baada ya Magharibi, kabla ya kufungua misahafu, tunakaa pamoja tukapumua kwa kuhesabu. Baada ya Isha, zoezi la ubavuni mwa shingo, kisha simu zote zinabaki sebuleni juu ya kabati. Sharti hili la mwisho lilikuwa gumu kuliko mazoezi yote, na aliyelivunja wa kwanza alikuwa katibu wa msikiti.

Binti yetu wa miaka kumi na miwili alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya kisomo ya madrasa. Sauti anayo, makhraji anayo, lakini alikuwa akikatika katikati ya aya, na ustadhi wake alidhani hajahifadhi vizuri. Siku moja nilimwekea mkono mgongoni wakati akisoma, nikakuta mabega yanapanda hadi masikioni. Alikuwa na kawaida ya kulala kifudifudi na kishikwambi, kidevu kifuani. Niliona uchungu. Kishikwambi kile nilimnunulia mimi, na mkao ule aliuona kwangu.

Tulianza pamoja kwa pumzi ya kulala. Mara ya kwanza alicheka, akasema tumbo lake limekuwa kama la chura. Baada ya wiki chache alianza kufika mwisho wa aya akiwa na pumzi ya akiba. Katika mashindano hakushinda. Lakini alisimama wima, hakukatika, na aliporudi kukaa aliniuliza, "Baba, umeona nimesimama pale penye kituo?" Nilikuwa nimeona.

Kwa watoto wadogo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba walio chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku. Katika mwongozo wa mwaka 2020 shirika hilo linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kucheza na kukimbia kila siku. Haya si mambo ya kigeni kwetu. Mtoto anayetumwa dukani, anayecheza mpira jioni na anayetembea kwenda madrasa hupata dakika hizo bila kuhesabiwa. Tunamwibia pale tunapompa simu ili atulie.

Mama anayenyonyesha aweke mto chini ya mtoto na egemeo nyuma ya kiuno chake, na simu, ikiwa hapana budi, aishike usawa wa kifua. Anayeandika ujumbe aegemeze kiwiko cha mkono wa simu juu ya kiganja cha mkono wa pili. Anayeongea asiibane simu kati ya sikio na bega. Na sote tubadilishe mkao kila baada ya dakika 20 au 30, hata kwa kuinuka tukanywa maji.

Usichelewe kwenda hospitali

Mazoezi hayatibu kila kitu. Mwone daktari haraka ikiwa maumivu yamefuata ajali au kuanguka. Ikiwa mkono au mguu unapoteza nguvu, au vitu vinakuponyoka mkononi. Ikiwa mwendo umekuwa wa kuyumba. Ikiwa umeshindwa kuzuia haja. Ikiwa pana homa na shingo imekakamaa. Au ikiwa unakonda bila sababu na maumivu yanakuamsha usiku. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au mimba aulize kwanza kabla ya kuanza mazoezi ya pumzi. Maumivu ya kifua yanayopanda shingoni au kushuka mkononi yasifanyiwe mazoezi kamwe. Hayo ni ya kukimbizwa hospitali.

Nawasihi pia ndugu zangu wasikimbilie kukandwa na kuvunjwa shingo na mtu asiye na elimu hiyo. Shingo hupitisha mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, na kuipinda kwa ghafla kuna hatari isiyorudishika.

Amana

Mtume (s.a.w.) alipopata habari kuwa Abdullah bin Amr (r.a.) anafunga kila siku na kusimama usiku kucha, alimkataza kuzidisha, akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa haki hiyo haikusamehewa mbele ya saumu na kisimamo cha usiku, itasamehewaje mbele ya simu? Nilikuwa nikijiambia kuwa nauchosha mwili wangu kwa ajili ya nyumba ya Mwenyezi Mungu. Lakini nusu ya saa zile, nikisema kweli, hazikuwa za paa. Zilikuwa za kusoma yasiyonihusu.

Paa limekamilika, alhamdulillahi. Mzee wangu bado yuko safu ya kwanza, kushoto. Ijumaa moja, baada ya imamu kutoa salamu, niligeuka kulia, kisha nikageuka kushoto mpaka nikaziona ndevu zake. Hakusema kitu mpaka tulipomaliza nyiradi. Kisha akaniegemea na kuniuliza, kwa sauti ile ile ya chini, kama lile zoezi la mlangoni linamfaa mtu wa miaka sabini. Nilimwambia aanze taratibu, na kwamba milango ya msikiti ni mipana mno, basi aufanyie mlango wa nyumbani kwake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumwabudu, atuhifadhie viungo vyetu, na atujaalie tuzitumie neema hizi mpya bila kuzitumikia. Wabillahi tawfiiq.